Louis Pasteur: Mwana wa Askari Aliyefichua Siri ya Mtungi wa Pombe

Jijini Kigali na katika vilima vinavyouzunguka mji huo, mwisho wa juma ni wakati wa harusi, wa kutoa mahari na wa kupokea wageni, na shughuli za namna hiyo kwa desturi haziendi bila pombe. Huko Rutunga na Bumbogo katika Wilaya ya Gasabo, na huko Masaka katika Wilaya ya Kicukiro, hapakosi mpika pombe aliyeagizwa mitungi minne au mitano ya urwagwa, pombe ya ndizi, nayo yote yatakiwa iwe tayari Jumapili mchana. Ndizi zimekwisha kulazwa shimoni siku kadhaa kabla, zimefunikwa kwa majani ya mgomba mpaka zimeiva. Ijumaa zinamenywa na kukamuliwa kwa nyasi ndani ya umuvure, kihori cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi. Maji ya ndizi yanachujwa, yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yanafunikwa. Jumamosi mtungi unachemka bila moto. Jumapili watu wanakunywa.

Lakini zipo Jumapili ambazo mtungi wa kwanza ukifunuliwa hutoka harufu ya siki, na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu pia. Hapo mpika pombe hulia hasara, jirani hutuhumiwa kuwa na jicho baya, wenye karamu hudai fedha zao, na pengine askari wa doria huitwa kuja kuamua kama pombe hiyo imechacha tu au ni sumu. Askari huyo asiyekuwa na elimu ya jambo hilo ataamua kwa kukisia, na kukisia katika kazi ya usalama ni hatari. Aweza kumdhulumu mtu aliyekosea usafi, na aweza kumwachia muuaji aende zake.

Yupo mtu mmoja wa zamani aliyeutumia ujana wake na utu uzima wake kutafuta ni nini hasa kinachotokea ndani ya mtungi. Jina lake ni Louis Pasteur, Mfaransa. Tumekusudia leo kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na wa polisi maisha yake, kwa sababu ndani yake yamo mambo ya pombe, mambo ya vita, na zaidi ya yote mambo ya kutafuta ushahidi kabla ya kutoa hukumu.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, upande wa mashariki wa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari. Alitumikia katika jeshi la Napoleon, akapigana huko Hispania, akafikia cheo cha sajini meja na akapewa nishani ya heshima kwa ushujaa wake. Vita vilipokwisha alirudi katika kazi ya ukoo wake, yaani kutengeneza ngozi, na baadaye akahamia mji wa Arbois, ndiko mwanawe alikokulia. Hivyo mtoto huyu alilelewa katika nyumba yenye harufu ya ngozi na hadithi za vita, chini ya mzee asiyependa maneno mengi na aliyeheshimu kazi iliyokamilika.

Shuleni hakuwa mtoto wa ajabu. Alipenda kuchora picha za watu, naye alichora vizuri. Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma, lakini alishikwa na kiu ya nyumbani kiasi kwamba baba yake alilazimika kwenda kumchukua. Mwaka 1842 alifaulu mtihani wake wa sayansi, lakini katika kemia, elimu ambayo baadaye ingelitukuza jina lake, alipewa alama hafifu. Hakukata tamaa. Mwaka 1843 aliingia katika chuo kikubwa cha ualimu cha Paris, École Normale, na miaka mitano baadaye alivumbua jambo jipya kuhusu fuwele za tindikali inayopatikana katika mapipa ya mvinyo. Mwaka huohuo wa 1848 Ufaransa ilipinduka, naye akajiandikisha katika askari wa mgambo na kuitolea jamhuri akiba yake. Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent, ambaye alikuwa mkewe na pia mwandishi wake na msaidizi wake mpaka mwisho.

Mwaka 1854 Pasteur alipelekwa Lille, mji wa viwanda huko kaskazini, kuwa mkuu wa kitivo cha sayansi. Ndiko alikokutana na mtungi. Mwaka 1856 mwenye kiwanda kimoja aitwaye Bigo alimjia na shida yake. Kiwanda chake kilitengeneza spiriti kwa viazi sukari, lakini mapipa kadhaa yalikuwa yanaharibika na kuwa machungu, na hakuna aliyejua sababu. Wakati ule wataalamu wengi wakubwa waliamini kwamba kuchachuka ni kuoza tu kwa vitu visivyo na uhai. Pasteur hakuanza kwa kubishana nao. Alikwenda kiwandani, akachukua tone katika pipa zuri na tone katika pipa bovu, akayatazama yote mawili kwa hadubini.

Katika tone la pipa zuri aliona viini vya mviringo, vinene, vilivyochipuza vingine ubavuni. Hiyo ndiyo chachu. Katika tone la pipa bovu aliona vijiti vidogo sana vyembamba vikicheza, na humo mlikuwa na tindikali ileile inayoyafanya maziwa kuganda. Basi hapo siri ikaanza kufunguka. Katika pipa mlikuwa na viumbe hai wa aina mbili. Chachu hula sukari na kuacha kileo pamoja na ile hewa inayofanya mapovu. Vijiti hula sukari ileile na kuacha ukali. Pipa lililoharibika lilikuwa limevamiwa na mgeni asiyealikwa.

Katika miaka iliyofuata alilithibitisha jambo hilo hatua kwa hatua. Alionyesha kwamba chachu yaweza kuishi bila hewa, na kwamba hapo ndipo inapotoa kileo kwa wingi, lakini viini vya siki vyahitaji hewa ili vikigeuze kileo kuwa siki. Kwa hiyo mpika pombe wa Gasabo anapoujaza mtungi na kuufunika vema kwa majani ya mgomba, anafanya jambo ambalo Pasteur alilipatia sababu, na anapouacha wazi, nusu tupu, anavikaribisha viini vya siki.

Palikuwa bado na watu waliodai kwamba viumbe hao hujizalia wenyewe ndani ya kinywaji. Mwaka 1860 Pasteur alichukua chupa zenye mchuzi wa chachu uliochemshwa na kufungwa, akaenda kuzifungua mahali mbalimbali na kuzifunga tena. Katika chupa 20 alizozifungua mashambani chini ya milima ya Jura, 8 ziliharibika. Katika 20 alizozifungua juu ya mlima wa huko, mita 850 hivi, ziliharibika 5. Katika 20 alizozifungua karibu na barafu ya Mont Blanc, mita 2,000 hivi, iliharibika moja tu. Mchuzi ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni vumbi la hewani. Basi viini havijizai, bali huingia kutoka nje. Sisi tunaoishi karibu mita 1,500 juu ya bahari tusijidanganye kwamba urefu wa vilima vyetu watosha kutulinda. Vumbi la uani, mikono isiyonawa na kihori kisichosuguliwa hubeba viini vingi kuliko upepo wa mlimani.

Kutoka hapo aliendelea na mvinyo, ambao uliharibika njiani na kuwatia hasara wafanyabiashara wa Ufaransa. Aligundua kwamba mvinyo ukipashwa moto kwa kiasi, kati ya nyuzi 50 na 60 hivi, bila kuchemka na bila kuingiwa na hewa, viini viharibifu hufa na ladha hubaki. Jeshi la wanamaji lilijaribu mvinyo wa namna hiyo katika safari za merikebu, nao ulivumilia. Njia hiyo ndiyo iliyopewa jina lake duniani, na ndiyo itumikayo mpaka leo kwa maziwa na kwa bia ya chupa.

Mambo hayo hakuyafanya katika raha. Kati ya mwaka 1859 na 1866 alizika mabinti zake watatu, wawili wakiwa wameuawa na homa ya matumbo. Mwezi Oktoba 1868 alipigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukapooza, na watu wakadhani kwamba kazi yake imekwisha. Alikuwa na umri wa miaka 45. Aliinuka akichechemea, mkono mmoja ukiwa hauna nguvu kamili, akarudi katika maabara.

Ndipo mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia. Pasteur alitamani kwenda vitani, lakini mwili wake haukufaa. Mwanawe wa pekee, Jean-Baptiste, aliyekuwa na umri wa miaka 18, aliingia jeshini. Mwezi Januari 1871 jeshi la mashariki lilishindwa na kuanza kurudi nyuma katika theluji, likiwa na njaa na majeraha, kuelekea mpaka wa Uswisi. Habari za kijana zikakatika. Pasteur, kilema kama alivyokuwa, alimchukua mkewe na binti yao katika gari bovu la farasi, akaingia katika barabara zilizojaa askari waliochoka, akiuliza kikosi baada ya kikosi. Walimpata mwana wao karibu na Pontarlier, amedhoofika lakini hai. Kila mzazi mwenye mtoto jeshini, na kila askari mwenye mzazi anayemngoja, ataielewa safari ile bila kuelezwa zaidi.

Ufaransa ilishindwa, ikanyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine. Pasteur aliirudishia Chuo Kikuu cha Bonn shahada ya heshima kiliyokuwa kimempa. Kisha akatafuta namna ya kupigana kwa silaha aliyokuwa nayo. Wajerumani walisifika kwa bia yao, na bia ya Ufaransa ilikuwa dhaifu na yenye kuharibika upesi. Basi Pasteur akaazimu kuirekebisha bia ya nchi yake, na mwaka 1871 alipotwaa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kupika bia, alitaka bia hiyo ijulikane kuwa ya kulipiza kisasi cha taifa. La ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa mnywaji wa bia, na rafiki zake walimtania kwamba hawezi kutofautisha bia nzuri na mbaya kwa kuonja.

Alianza katika kiwanda kidogo cha Kuhn huko Chamalières, karibu na Clermont-Ferrand. Mwezi Septemba 1871 alivuka bahari akaenda London, katika kiwanda kikubwa cha Whitbread. Huko aliomba apewe chachu ya bia nyeusi, akaitazama kwa hadubini mbele ya wakuu wa kiwanda, na akawaeleza kwamba chachu ile ina kasoro, imechanganyika na viini vya ugonjwa. Wenyewe walijua kwamba bia ile ilikuwa inawasumbua, ila hawakumwambia. Aliporudi baada ya siku chache alikuta wamekwisha kununua hadubini yao wenyewe. Matokeo ya uchunguzi wote huo aliyatoa katika kitabu juu ya bia mwaka 1876.

Hapa twafika penye fundisho linalomhusu yule anayepika mitungi mitano kwa siku mbili. Pasteur alionyesha kwamba kila ugonjwa wa bia una kiini chake, na kwamba kiini hicho husafiri ndani ya chachu. Mpika pombe mwenye haraka huchukua masimbi ya mtungi wa kwanza kuanzishia wa pili, na ya wa pili kuanzishia wa tatu, tena hutumia kihori kilekile bila kukiosha kwa kuwa muda hautoshi. Kama chachu ya kwanza ni safi, haraka yake itamfaa, kwa maana chachu nyingi yenye nguvu huwahi sukari kabla wageni hawajafika. Lakini kama ya kwanza ina ugonjwa, basi anaupanda ugonjwa huo kwa mikono yake mwenyewe katika mitungi yote. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Jirani hana kosa, na jicho lake halina nguvu hiyo. Dawa ni kusugua kihori na mitungi kwa maji yanayochemka, kunusa na kuonja kabla ya kuazima masimbi, na kuutenga mara moja mtungi wenye dalili.

Fundisho hilo lilifika mbali. Huko Copenhagen, katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg, Emil Christian Hansen alifaulu mwaka 1883 kukuza chachu safi iliyotokana na kiini kimoja tu, na kiwanda hicho hakikuificha, bali kiliwagawia hata washindani wake. Kampuni ya bia ya Rwanda ilipoanzishwa mwaka 1957 na kujenga kiwanda chake Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, ilikuja juu ya msingi huo wa Pasteur na Hansen.

Yeye mwenyewe aliiacha bia akaenda kwenye miili ya watu, kwa hoja rahisi: ikiwa kiini kidogo chaweza kuuharibu mtungi, kwa nini kisiweze kumwua mtu? Katika vita vya 1870 askari wengi waliokatwa viungo walikufa kwa usaha, si kwa risasi. Pasteur aliwasihi madaktari wapasuaji wanawe mikono na kupitisha vyombo vyao katika moto. Mwaka 1881, huko Pouilly-le-Fort, aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya watu wengi. Waliochanjwa wakapona, na wasiochanjwa wakafa. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace iliyotekwa, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwa kuwa Pasteur hakuwa daktari, madaktari ndio waliomdunga mtoto sindano, jumla yake 13, naye akaishi. Taasisi yenye jina la Pasteur ilifunguliwa Paris mwaka 1888.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kupenda ushindi, na wasomi waliochunguza madaftari yake miaka mingi baadaye walikuta kwamba nyakati fulani hakueleza kwa ukamilifu alivyofanya. Chanjo ile ya Pouilly-le-Fort, kwa mfano, ilitayarishwa kwa njia ya msaidizi wake Chamberland, wala hadhara haikuambiwa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895 karibu na Paris, akazikwa kwa heshima za taifa, na mwaka uliofuata mwili wake ukahamishiwa katika taasisi yake.

Sasa turudi kwa askari wetu aliyeitwa kuamua. Pombe iliyovamiwa na viini vya siki inatia hasara, lakini si sumu ya kuua. Dawa yake ni usafi na maelekezo. Kuna jambo lingine kabisa, nalo ni pombe iliyotiwa methanoli au kemikali nyingine na mtu anayetaka faida ya haraka. Hiyo haina uhusiano na chachu, haiondoki kwa kupashwa moto, wala haitambulikani kwa ulimi. Hupofusha macho na kuua. Krismasi ya mwaka 2021 watu kadhaa walipoteza maisha Bugesera na Kigali kwa pombe yenye sumu. Katika hali hiyo mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja, na kilichobaki katika chupa kihifadhiwe, kifungwe, kipelekwe maabara. Atakayekimwaga chini kwa hasira atakuwa amekimwaga kielelezo.

Kwa kuonja tu, Pasteur asingeweza kutambua bia nzuri wala mbaya, na bado ndiye aliyewaonyesha wapika bia wa London kasoro yao. Alichukua tone hapa na tone pale, akayalinganisha, ndipo akasema. Askari anayekwenda kilimani Jumapili jioni hana hadubini, lakini ana chupa safi ya kuchukulia sampuli, ana kalamu ya kuandika imetoka mtungi gani, na ana wajibu wa kungoja jibu la maabara kabla ya kumwita mtu mhalifu.